Kumsaidia Mgonjwa Adumu katika Mazoezi ya Sakafu ya Nyonga

Mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga ni miongoni mwa tiba chache ambazo mgonjwa anaweza kuzifanya nyumbani kwake bila dawa, bila kifaa na bila kutoa hata faranga moja, na manufaa yake yamethibitishwa kwa uchunguzi wa miaka mingi. Hata hivyo ni miongoni mwa tiba zinazoachwa mapema, tena kimyakimya, kwa kuwa aliyeyaacha huona haya kurudi kwa mtaalamu na kukiri kwamba ameyaacha. Mara nyingi lawama humwangukia yeye: husemwa kuwa ni mvivu, au hajali afya yake, au hakusikiliza alipoelekezwa. Lawama hiyo imewekwa mahali pasipo pake, kwa sababu kudumu katika mazoezi haya kunategemea zaidi namna yalivyofundishwa, namna yalivyofungamanishwa na shughuli za siku, na kama yupo mtu anayerudi kuuliza yanaendeleaje, kuliko kunavyotegemea tabia ya mgonjwa.

Sakafu ya nyonga ni tabaka la misuli lililotandazwa chini ya fupanyonga, kuanzia mfupa wa kinena upande wa mbele hadi kifandugu upande wa nyuma, nalo limening'inia kama susu iliyobeba kibofu cha mkojo, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana na, kwa mwanamke, mfuko wa uzazi. Misuli hiyo ina nyuzi za aina mbili: zile zinazobana polepole na kwa muda mrefu bila kuchoka, ambazo ndizo nyingi, na zile zinazobana ghafla mtu anapokohoa, anapopiga chafya au anaponyanyua mzigo. Mimba huielemea misuli hii kwa miezi mingi, na kujifungua kwa njia ya kawaida huinyoosha kupita kiasi na wakati mwingine kuichana. Baadaye umri, uzito mkubwa, kikohozi cha muda mrefu na choo kigumu huongeza udhaifu. Matokeo yake ni mkojo kuvuja mtu anapocheka au anapokimbia, hali ambayo wataalamu huiita kuvuja kwa mkazo, au kizazi kushuka, au kushindwa kuzuia upepo na haja kubwa. Wanaume nao wana misuli hii, na wengi wao huitambua kwa mara ya kwanza baada ya kufanyiwa upasuaji wa tezi dume, kibofu kinapokosa kizuizi kilichokizoea.

Nchini Burundi suala hili lina uzito wa pekee. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2016 hadi 2017 ulionyesha kwamba mwanamke mmoja huzaa watoto 5.5 kwa wastani, na kwamba takriban asilimia 84 ya watoto walizaliwa katika vituo vya afya, jambo lililosaidiwa sana na uamuzi wa serikali wa mwaka 2006 wa kuondoa malipo ya uzazi katika vituo vya umma. Kwa maneno mengine, mwanamke wa Burundi huzaa mara nyingi, na karibu kila mara anapozaa huwa ameonana na mkunga au muuguzi. Nafasi ya kumuuliza kama mkojo unamvuja ipo. Kinachokosekana aghalabu ni swali lenyewe.

Kigobe, mtaa wa Bujumbura unaojulikana nchini kote kwa sababu ya jumba la mikutano ambamo Bunge la Taifa hukutana, ni mahali panapofaa kulitazamia suala hili, kwa kuwa watu wa hali zilizo mbalimbali sana hupitisha siku zao humo wakiwa karibu karibu. Katika nyumba moja yenye ukuta mrefu na bustani anaweza kuwamo mwajiriwa wa ofisi mwenye chumba chake, simu ya kisasa na gari. Jikoni humo humo yupo yaya au mpishi aliyetoka nyumbani kwake katika mtaa wa Kamenge au Kinama alfajiri, ambaye usiku hulala chumba kimoja na watoto wake. Na langoni yupo mlinzi, yule ambaye watu wa Bujumbura humwita zamu, mzee aliyepasuliwa tezi dume na ambaye hukesha akiwa amekaa kitini. Wote watatu wanaweza kuvujwa na mkojo na kuandikiwa zoezi lile lile kwenye karatasi ile ile, lakini siku zao hazifanani hata kidogo, na maelekezo yasiyojali tofauti hiyo huwa yamekwisha kushindwa kabla karatasi haijakunjwa na kutiwa mfukoni.

Haya nayo hufanya kazi yake. Asubuhi za mwisho wa juma, vikundi vya mbio hupita katika barabara za Bujumbura, watu wakikimbia pamoja huku wakiimba, na mwanamke ambaye mkojo humtoka kila anapokanyaga hujiondoa kikundini akisema goti linamuuma. Mwingine hupunguza kunywa maji ingawa joto la kando ya Ziwa Tanganyika humtaka anywe zaidi, bila kujua kwamba mkojo uliokolea hukichokoza kibofu na kwamba ukosefu wa maji hukifanya choo kiwe kigumu, naye akikaa chooni akisukuma huidhoofisha misuli ile ile anayotaka kuiokoa. Wengi huamini kwamba ndivyo uzazi ulivyo, kwamba mama na bibi zao waliishi hivyo, na imani hiyo ndiyo kizuizi cha kwanza, kwa sababu hakuna mtu anayevumilia miezi mitatu ya mazoezi kwa ajili ya jambo analoamini halitibiki.

Ukweli ni kwamba linatibika. Daktari wa magonjwa ya wanawake wa Marekani, Arnold Kegel, alichapisha mwaka 1948 maelezo ya namna ya kuiimarisha misuli hii kwa mazoezi ya taratibu, na hadi leo mazoezi hayo huitwa kwa jina lake katika nchi nyingi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na mtandao wa Cochrane mwaka 2018, ambayo yalikusanya majaribio 31 kutoka nchi 14, yalionyesha kwamba kati ya wanawake waliokuwa wakivujwa kwa mkazo, asilimia 56 ya waliofanya mazoezi walisema wamepona, ilhali miongoni mwa wasioyafanya waliosema hivyo walikuwa asilimia 6 tu. Mgonjwa anastahili kuambiwa jambo hili kwa lugha nyepesi siku ya kwanza kabisa, kwa kuwa matumaini yenye msingi ni sehemu ya tiba.

Hata hivyo, wengi wa wanaosemekana wameacha mazoezi hawakuwahi kuyaanza, kwa maana kwamba walichokuwa wakikifanya si mazoezi yaliyokusudiwa. Utafiti wa Richard Bump na wenzake, uliochapishwa Marekani mwaka 1991, uliwapima wanawake waliokuwa wameelezwa kwa mdomo tu, na ukagundua kwamba karibu nusu yao ndio waliobana ipasavyo, huku robo wakifanya jambo ambalo lingeweza hata kuzidisha kuvuja, yaani kusukuma chini badala ya kuvuta juu. Mtu anayesukuma chini kwa wiki sita bila kuona nafuu akaacha hajaonyesha uvivu wowote. Amefanya uamuzi wa busara kuhusu kitu kisichomsaidia. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kumsaidia mgonjwa adumu ni kuhakikisha kwamba misuli inayobana ni ile inayotakiwa, na kazi hiyo ni ya anayefundisha.

Ufundishaji wenyewe si mgumu, ila unahitaji dakika ishirini zisizo na haraka na mlango uliofungwa. Mtaalamu wa fiziotherapia, au mkunga aliyefunzwa, humlaza mgonjwa chali juu ya kitanda au mkeka, magoti yakiwa yamekunjwa na nyayo zimekanyaga, kisha humwomba aweke kiganja kimoja tumboni, chini ya kitovu, na kingine kwenye kalio. Humwambia avute pumzi, na anapoitoa abane njia ya nyuma mithili ya mtu anayezuia upepo usimtoke mbele ya wageni, kisha aendeleze mbano huo kuelekea mbele na juu kana kwamba anazuia mkojo pia. Tumbo likikakamaa chini ya kiganja, kalio likiinuka, mapaja yakibanana au pumzi ikikatika, basi misuli mingine imeingilia, na zoezi hurudiwa kwa nguvu ndogo zaidi, maana wengi hukosea kwa kukaza mno. Mgonjwa akikubali, mtaalamu huweza kuhakikisha kwa kidole kilichovaa glavu. Asipokubali, mgonjwa mwenyewe anaweza kujigusa akiwa peke yake, au kuketi juu ya taulo iliyokunjwa na kuhisi kama sehemu ile inanyanyuka kutoka kwenye taulo. Kulegeza baada ya kubana ni nusu ya zoezi, nayo husahaulika mara kwa mara. Kuzuia mkojo katikati ya kukojoa kunaweza kutumika mara moja kuitambua misuli, lakini hakufai kuwa zoezi la kila siku, kwa sababu kunaweza kukizoesha kibofu kutomaliza mkojo. Wale wanaohisi maumivu wanapobana, au ambao misuli yao imekaza kupita kiasi, huhitaji kwanza kufundishwa kulegeza, na hawafai kuendelea bila kuonana na mtaalamu.

Baada ya hapo huja kipimo cha zoezi. Mwongozo unaotumika nchini Uingereza unapendekeza mibano angalau 8 kwa mkupuo mmoja, mikupuo 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3, na jumla ya muda unaotumika ni dakika chache tu. Anayeweza kushikilia mbano kwa sekunde 3 aanze na 3, kisha aongeze kidogo kidogo hadi 8 au 10, na amalizie kwa mibano mifupi ya haraka. Jambo ambalo lisiposemwa huwavunja wengi moyo ni kwamba katika wiki za mwanzo hakuna mabadiliko yanayoonekana. Mwili kwanza hujifunza kuiamuru misuli, na nguvu halisi huja baadaye. Aliyeonywa juu ya ukimya wa wiki hizo huupita. Asiyeonywa huuchukua kuwa dalili ya kushindwa.

Lipo zoezi moja ambalo huleta nafuu mapema zaidi, na kwa hiyo lina thamani kubwa kwa mgonjwa anayeanza kukata tamaa, nalo ni kubana muda mfupi kabla ya tendo linalosababisha kuvuja. Katika utafiti uliofanywa Marekani na Janis Miller na wenzake na kuchapishwa mwaka 1998, wanawake waliofundishwa kubana kabla tu ya kukohoa walipunguza kuvuja kwa kiasi kikubwa sana baada ya wiki moja tu, kabla misuli yao haijapata nguvu yoyote mpya. Katika maisha ya Bujumbura tendo hilo ni kunyanyua bidoni ya maji ya lita 20, kumpandisha mtoto mgongoni, kupanda kwenye teksi-moto, kucheka, kupiga chafya kwa vumbi la kiangazi. Mwanamke anayeona kwamba amenyanyua bidoni na nguo imebaki kavu amepata ushahidi wake mwenyewe, na ushahidi wa namna hiyo humshawishi kuliko takwimu za nchi yoyote.

Suala la kusahau linahitaji kutazamwa kwa makini, kwa sababu wagonjwa wanapoulizwa kwa upole kwa nini wameacha, wengi hawasemi kwamba zoezi ni gumu, bali husema kwamba siku imepita bila kulikumbuka. Utafiti uliofanywa katika chuo kikuu cha University College London na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba tendo jipya linalofungwa kwenye tukio la kila siku huchukua siku 66 kwa wastani kuwa mazoea, na kwamba watu hutofautiana sana, kuanzia siku 18 hadi zaidi ya 250. Kinacholifanya tendo ligande ni kulifunga kwenye jambo ambalo tayari halikosi kufanyika, na jambo hilo hutofautiana kwa kila mtu. Mama anayenyonyesha huwa ameketi mara nyingi kwa siku, na kila anapompa mtoto ziwa anaweza kubana mara nane bila yeyote kujua. Yaya husubiri makaa yashike moto. Mlinzi husikia zamu ya usiku ikianza na kuisha. Mwajiriwa wa ofisi hupiga mswaki asubuhi na jioni. Miaka hii ambapo uhaba wa mafuta umewafanya watu wa Bujumbura kusimama foleni ndefu wakingoja basi, hata foleni hiyo inaweza kutumika, kwa kuwa zoezi hili, likishazoeleka, hufanyika pia mtu akiwa amesimama.

Kwa Muislamu jambo hili lina upande mwingine unaostahili kuheshimiwa. Mkojo unaovuja hutengua udhu, na ijapokuwa sheria ya dini inampa nafuu mtu ambaye mkojo wake haukatiki, kwa kumtaka atawadhe kila wakati wa sala unapoingia na kisha aswali, wapo wanawake wanaoishi na wasiwasi mkubwa juu ya usafi wa ibada yao na wasioweza kumwambia mtu. Kwa mgonjwa wa namna hiyo shabaha ya tiba inajulikana, na nyakati tano za sala humpa vituo vitano imara vya siku. Mkupuo mmoja kabla ya kwenda kutawadha unatosha kumvusha kipimo kinachopendekezwa. Mkristo mwenye desturi ya sala za asubuhi na jioni ana vituo vyake pia. Mtaalamu anayeuliza juu ya ratiba ya ibada hajatoka nje ya taaluma yake hata kidogo.

Shabaha yenyewe inapaswa kutoka kwa mgonjwa. Kumwambia mtu kwamba misuli yake itaongezeka nguvu ni kumweleza jambo asiloliona. Akiulizwa ni kitu gani alichokiacha kwa sababu ya mkojo, atajibu kwamba ameacha kukimbia na wenzake, au kwamba hawezi kukaa sherehe nzima ya harusi akiwa amevaa imvutano, vazi la heshima la wanawake wa Burundi, akihofia doa, au kwamba amejitenga na mumewe chumbani naye mume hajui sababu. Jibu hilo ndilo linalofaa kuandikwa juu ya karatasi ya mazoezi, na kila anaporudi ndilo linaloulizwa kwanza. Mume anapohusishwa, kwa idhini ya mke, aghalabu huwa msaada mkubwa, maana mtu aliyeelezwa hasa kinachoendelea huacha kudhani kwamba amechukiwa.

Pamoja na yote hayo, mgonjwa aliyeachwa peke yake huchoka. Mwaka 1990 mtafiti wa Norway Kari Bø na wenzake walilinganisha makundi mawili ya wanawake waliofundishwa zoezi lile lile: kundi moja lilifanya nyumbani tu, na jingine lilifanya nyumbani na pia kukutana na mwalimu kila wiki kwa miezi 6. Katika kundi la pili asilimia 60 walisema wamepona au karibu kupona. Katika la kwanza, asilimia 17 hivi. Zoezi lilikuwa moja, na tofauti ilikuwa mtu wa kukutana naye. Mitambo haikuonekana kuwa na nguvu kama hiyo: utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020, wenye wanawake 600, haukuona faida ya ziada kwa kuongeza kifaa kinachomwonyesha mgonjwa mibano yake kwenye skrini. Habari hiyo ni njema kwa hospitali zisizo na vifaa, kwani kile kinachofanya kazi kinaweza kupatikana Bujumbura.

Pingamizi linalotolewa kila mara ni kwamba wataalamu wa fiziotherapia ni wachache mno kuweza kumfuatilia kila mgonjwa, na ni la kweli. Jibu lake limeanza kupatikana Kanada, ambako utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwafuata wanawake 362 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, ukaona kwamba waliofundishwa kwa vikundi walipata nafuu sawa na waliofundishwa mmoja mmoja. Burundi ina mazoea makubwa ya vikundi: wanawake huweka na kukopa pamoja, huimba kwaya pamoja, hukimbia pamoja. Kikundi cha wanawake wanane wanaokutana mara moja kwa wiki katika kituo cha afya kinachofikika kwa miguu, baada ya kila mmoja wao kukaguliwa faraghani namna anavyobana, kingekuwa nafuu zaidi kuliko miadi minane mbalimbali ambayo mingine hushindikana kwa kukosa usafiri. Mwenye simu anaweza kupigiwa au kutumiwa ujumbe mfupi kati ya vikao, kwa maneno ambayo mtu mwingine akiyasoma hataelewa yanahusu nini, kwa sababu simu moja hutumiwa na watu wengi nyumbani.

Eneo hili la Maziwa Makuu lina uzoefu wake ambao hautajwi inavyostahili. Mwaka 2010 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilifungua huko Gitega kituo cha Urumuri kwa ajili ya wanawake wenye fistula ya uzazi, yaani tundu linalotokea kati ya uke na kibofu au utumbo baada ya uchungu wa muda mrefu usiopata msaada. Fistula haitibiwi kwa mazoezi, bali kwa upasuaji. Lakini hata tundu likizibwa vizuri, wapo wanawake wanaoendelea kuvuja kwa sababu misuli imedhoofika. Mjini Goma, nchini Kongo, hospitali ya HEAL Africa ilijaribu kuingiza fiziotherapia katika matibabu ya wanawake hao, na taarifa ya jaribio hilo ilichapishwa mwaka 2014. Nje ya eneo hili, huko Tanguiéta nchini Benin, mpango kama huo ulianza kuwafundisha wanawake kabla ya upasuaji, wakiwa bado wodini wakisubiri. Kuanza mapema namna hiyo kuna faida iliyo wazi kwa suala la kudumu, kwa sababu mgonjwa hujifunza akiwa na wenzake, hurekebishwa kila siku, na anaporudi kijijini huwa anarudi na zoezi analolijua tayari. Baada ya kupasuliwa, hata hivyo, ni daktari wa upasuaji anayeamua siku ya kuanza tena.

Haifuati kwamba kila mzazi aandikiwe mazoezi haya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2022 kuhusu huduma baada ya kujifungua, halikupendekeza yaanzishwe kwa wazazi wote kama kinga. Kinachohitajika ni kumtambua anayevuja na kumfuata yeye kwa bidii, na ratiba ya kufanya hivyo tayari imo katika mfumo wa afya, maana mama hurudi kituoni mtoto anapochanjwa akiwa na wiki 6, kisha wiki 10, kisha wiki 14. Muuguzi anayeshika kadi ya mtoto anaweza kumuuliza mama, kwa sauti ya chini na pembeni ya benchi, kama mkojo humtoka anapokohoa. Akijibu ndiyo katika wiki ya 6, afundishwe siku hiyo. Katika wiki ya 10 aangaliwe kama bado anabana ipasavyo. Na katika wiki ya 14, akiwa amefanya mazoezi kwa wiki nane, aulizwe kama nafuu imeanza, na miezi mitatu ya mazoezi ikitimia bila nafuu apelekwe hospitali kubwa zaidi.

Akirudi na kusema hakufanya mazoezi, namna anavyopokewa siku hiyo huamua mengi. Swali la kwa nini hakufanya humfanya ajitetee au aseme uongo, na mara inayofuata hatarudi. Swali la ni siku zipi alizoyafanya, na siku hizo zilikuwa na nini, humfanya agundue mwenyewe kwamba alifanya siku alizobaki nyumbani na akasahau siku za soko, na hapo kituo kipya cha siku za soko hutafutwa pamoja naye. Wiki mbili zilizopotea hazifuti kazi iliyotangulia, na anapaswa kuambiwa hivyo waziwazi. Aliyepata nafuu naye aelezwe kwamba misuli isiyotumiwa hulegea tena, kwa hiyo mkupuo mmoja wa kila siku ubaki, na akipata mimba nyingine ayarudie mazoezi kamili tangu miezi ya mwanzo, kabla uzito wa mtoto haujaanza kuilemea sakafu ile.